Mgeni Asipofika: Ugaidi, Utalii na Ujira wa Mnyonge katika Karatu na Ngorongoro

(Mada iliyotolewa na padre mbele ya viongozi wa walei katika semina ya Haki na Amani, Karatu)



Waheshimiwa viongozi wa Halmashauri ya Walei, wenyeviti na makatibu wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, akina mama wa WAWATA, vijana wa VIWAWA, nanyi mnaofanya kazi katika mahoteli na kambi za wageni, ambao mmeomba ruhusa kazini ili muwepo hapa: nawashukuru kwa kuja. Kamati ya Haki na Amani imenipa mada inayohusu ugaidi na biashara ya mahoteli na utalii. Huenda mkulima wa vitunguu aliyetoka Mang'ola alfajiri anajiuliza mada hii inamhusu nini. Namwomba avumilie kidogo.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sehemu kubwa ya uchumi wa Karatu imejengwa juu ya msemo huo. Mtu apitaye Mto wa Mbu, akapanda ukuta wa Bonde la Ufa, akapita Rhotia na mjini kwetu hadi lango la Lodoare, huona mabango ya mahoteli, nyumba za kulala wageni na viwanja vya mahema pande zote mbili za barabara. Ndani ya nyumba hizo wamo mpishi, mfua nguo, mtandika vitanda, mtunza bustani na mlinzi. Nje yake wamo dereva, fundi wa magari, mwenye duka, mfuga kuku wa mayai, mchonga vinyago, na yule mama anayelima karoti. Wote hao hupona kwa mgeni. Basi leo tuulizane: mgeni asipofika, ni nani huumia kwanza, na ni nani huumia zaidi?

Mnaikumbuka, na ninyi mliokuwa wadogo mmesimuliwa, Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998. Kati ya saa nne na saa tano asubuhi mabomu mawili yaliyopakiwa katika magari yalilipuka kwa kupishana dakika chache, moja kwenye ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, jingine kwenye ubalozi wa nchi hiyo hiyo Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11, na majeruhi walihesabiwa kwa maelfu. Waliotega mabomu yale walisema adui yao ni Marekani. Lakini Dar es Salaam hakufa Mmarekani hata mmoja, na Nairobi, katika wale 213, Wamarekani walikuwa 12. Waliobaki walikuwa makarani, walinzi, wapita njia, abiria, na watu waliokuwa katika jengo la jirani, Ufundi, lililoporomoka na kuwafunika, wakiwamo wanafunzi wa uhazili.

Miaka minne baadaye shabaha ilikuwa hoteli yenyewe. Tarehe 28 Novemba 2002, huko Kikambala, kaskazini ya Mombasa, gari lenye baruti lilisukumizwa hadi mlangoni pa Hoteli ya Paradise, wakati wageni kutoka Israeli ndiyo kwanza wanawasili. Asubuhi hiyo hiyo makombora mawili yalirushwa kuilenga ndege iliyokuwa inaondoka Mombasa na watalii, yakaikosa. Hotelini walikufa Waisraeli watatu na Wakenya kumi, mbali na wauaji waliojilipua. Miongoni mwa Wakenya hao walikuwamo wacheza ngoma waliokuwa wamejipanga kuwapokea wageni. Litafakarini jambo hilo, hasa ninyi ambao kazi yenu ni kusimama mlangoni na kusema karibu. Gaidi husema anamlenga tajiri wa mbali; anayemkuta kwanza ni mwenyeji aliyevaa sare, au mwenye ngoma kifuani.

Hayo ni ya waliokufa, nasi tunawaombea. Mada yetu inatutaka tuwatazame pia walio hai ambao hawakusikia mlipuko wowote. Karatu iko zaidi ya kilomita 700 kutoka Dar es Salaam, na kama kilomita 400 kutoka Nairobi. Wakati wa Kikambala hakuna kioo kilichovunjika hapa. Hata hivyo hofu haisafiri kwa kufuata ramani tuliyofundishwa shuleni. Kwa mtu aliyeketi mbele ya televisheni yake huko Ujerumani au Marekani, Mombasa, Nairobi, Zanzibar na Ngorongoro ni mahali pamoja, napo panaitwa Afrika. Mwaka 2014, maradhi ya Ebola yalipozishika Guinea, Liberia na Sierra Leone, wako wageni waliofuta safari zao za Serengeti, ingawa kutoka Monrovia kuja hapa ni mbali kuliko kutoka Monrovia kwenda Lisbon. Tukicheka tucheke kwa kiasi, maana sisi nasi hatujui kuipambanua Ulaya.

Wazee wetu wa hapa waliufahamu ukweli huu kabla neno ugaidi halijazoeleka. Mapema mwaka 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huo huo. Siku zile wageni wengi wa Ngorongoro na Serengeti walikuja kwa njia ya Nairobi. Mahoteli ambayo serikali ilikuwa imeyajenga kwa gharama kubwa miaka michache nyuma yakabaki na vitanda vilivyotandikwa bila wa kuvilalia. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983. Hakuna aliyekuwa amelipua kitu, lakini uamuzi uliofanyika mbali ulifika hadi kwenye sufuria za Karatu, kama ambavyo bomu la mbali hufika leo.

Hufikaje? Hapa naomba tuende polepole, maana ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Mgeni wa Ulaya hulipa amana kwa wakala wa kwao, pengine miezi sita kabla ya kusafiri. Wakala huyo huagiza safari kwa kampuni ya Arusha. Kampuni ya Arusha huweka nafasi katika hoteli ya Karatu, au ile iliyo ukingoni mwa kreta. Hoteli, ikiona kitabu chake kimejaa, huagiza mboga, mayai na maziwa, na kuita vibarua wa msimu. Ndipo bomu linapolipuka mahali fulani, serikali za nchi tajiri zikatoa tahadhari kwa raia wao, na mgeni akafuta safari. Sasa tazameni hasara inavyoshuka ngazi. Wakala ameandika masharti yake: anayefuta safari kwa kuchelewa hupoteza sehemu ya fedha zake, na kadiri siku ya safari inavyokaribia ndivyo sehemu hiyo inavyozidi kuwa kubwa. Kampuni ya Arusha, ikiwa imejipanga vema, ina masharti ya namna hiyo kwa wakala. Hoteli ina masharti kwa kampuni, ingawa mara nyingi huyalegeza kwa kuogopa kumpoteza mteja mkubwa. Kila mmoja katika ngazi hizo za juu ana karatasi yenye saini mkononi, na kwa karatasi hiyo huweza kujikinga, japo si kwa ukamilifu.

Shukeni ngazi nyingine moja au mbili. Kibarua wa jikoni hana karatasi. Aliitwa kwa simu, na kwa simu huambiwa asije kesho. Dereva anayelipwa kwa siku za safari hana safari, basi hana siku; na bahashishi, ambayo kwa wengi wao ndiyo inayolipa karo ya watoto, haimo katika mkataba wowote duniani. Kisha mfikirieni mama wa Rhotia aliyeambiwa na mnunuzi wa hoteli kwamba wageni hawali mchicha, alime saladi, brokoli na zukini. Akakopa kwenye kikundi chake cha VICOBA, akanunua mbegu za bei, akamwagilia kwa ndoo. Mboga hizo zikikomaa siku hoteli inasema wageni hawapo, atazipeleka wapi? Mnadani hakuna anayeulizia brokoli. Mahindi angeyahifadhi, ama angeyala na wanawe. Brokoli baada ya siku nne ni ya ng'ombe. Na kama aliwahi kupeleka mzigo kabla ya hapo, malipo yake ni ya baada ya mwezi mmoja au miwili, na mwezi huo ukifika ataambiwa: mama, wewe mwenyewe unaiona hali.

Ndugu wapendwa, bomu limetegwa na mtu mwovu ambaye hatumjui. Lakini utaratibu unaoamua kwamba hasara ya bomu hilo imwangukie mama huyu kabla ya mtu mwingine yeyote haukuandikwa na magaidi. Tumeuandika sisi kwa desturi zetu za biashara, na kati yetu humu kanisani wamo wanaouendesha. Kwa sababu hiyo Kamati ya Haki na Amani ina la kusema juu yake. Tungekuwa tunazungumza juu ya ukame, ningewaambia tusali na tuchimbe lambo. Hili la nani atangulie kulipwa na nani asubiri ni uamuzi wa mwanadamu, nao hufanyika ofisini, mchana kweupe, na mtu mwenye kalamu.

Kuna watakaosema kwamba napiga chumvi, kwa kuwa utalii wa Tanzania umekuwa ukikua. Ni kweli, umekua. Takwimu za serikali zinaonyesha kwamba mwaka 1998 waliingia nchini wageni kiasi cha 482,000, na mwaka uliofuata, 1999, kiasi cha 627,000. Msomaji wa takwimu hizo angedhani bomu la Dar es Salaam halikumgusa yeyote. Lakini jumla ya mwaka huficha miezi yake. Julai, Agosti na Septemba ndiyo miezi ambayo mhudumu wa hoteli huweka akiba ya kumvusha katika mvua za masika. Aliyepumzishwa kazi Agosti haliwi ugali na ongezeko la mwaka ujao. Hata pengine atakayeitwa kazi mwaka ujao ni mtu mwingine. Na mwaka mwingine hata jumla yenyewe huanguka. Mwaka 2019 wageni walikuwa zaidi ya 1,500,000. Mwaka 2020, kwa sababu ya janga la Uviko, wakawa kiasi cha 620,000. Hapo hapakuwa na gaidi, ila hasara ilishuka kwa ngazi zile zile na kuwaangukia watu wale wale.

Jirani zetu wa pwani ya Kenya wameyaonja haya kwa uchungu zaidi. Mwezi Mei 2003 Uingereza ilisimamisha safari za ndege zake kwenda Kenya kwa wiki kadhaa kwa hofu ya shambulio jipya. Septemba 2013 watu 67 waliuawa katika duka la Westgate, Nairobi. Mei 2014 kampuni za utalii za Kiingereza ziliwaondoa wageni wao Mombasa kabla ya likizo zao kwisha, baada ya serikali yao kutoa tahadhari. Aprili 2015 waliuawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi Wakristo. Kenya iliyopokea wageni kiasi cha 1,800,000 mwaka 2011 ilipokea kiasi cha 1,200,000 tu mwaka 2015. Katika kipindi hicho mahoteli mengi ya Mombasa, Malindi na Watamu yalifunga milango, na maelfu ya wafanyakazi wakarudi vijijini. Ninaitaja pwani ya Kenya kwa sababu wengi wetu hudhani hatari hii ni ya watu wa baharini. Hata sisi Tanzania tumeonja mauaji ya Kibiti na maeneo ya jirani, yaliyofikia ukali wake mwaka 2017, na uvamizi wa kijiji cha Kitaya, Mtwara, Oktoba 2020.

Na huku kwetu kaskazini, nani atasahau Jumapili ya tarehe 5 Mei 2013? Bomu lilirushwa katika umati wa waamini waliokusanyika kwa uzinduzi wa Parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Olasiti, Arusha, mbele ya Balozi wa Baba Mtakatifu na Askofu Mkuu wa Arusha. Watu watatu walikufa, na zaidi ya sitini walijeruhiwa. Arusha ndiyo mlango wa wageni wetu. Mtu hafiki Ngorongoro kwa barabara ile asipopita pale. Mwezi uliofuata bomu jingine lililipuka katika mkutano wa siasa jijini humo.

Baada ya siku kama zile huja maneno, nayo maneno nayaogopa karibu sawa na mabomu. Nimesikia ikisemwa, na ninyi mmesikia, kwamba ili kuwatuliza wageni ni vema hoteli isiajiri kijana mwenye jina la Kiislamu, hasa langoni au jikoni. Mwenye kusema hivyo huona anatoa ushauri wa busara. Mimi nasema ni dhuluma, tena ni dhuluma inayomfanyia gaidi kazi yake bila kumdai ujira. Katika mji wetu Waislamu na Wakristo wamezikana na kuozana. Dereva aliyemfikisha mgonjwa wako hospitali ya Karatu usiku hukumuuliza anasali Ijumaa au Jumapili. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na Mandera, magaidi walisimamisha basi wakawataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo ili Wakristo wauawe. Waislamu wale walikataa. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi katika kukataa huko, akafariki mwezi uliofuata. Tukimnyima mtu kama huyo kazi ya kufungua geti kwa sababu ya jina lake, tutajibu nini tutakapoulizwa?

Tena tusiwahukumu walioumizwa. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Bwana wetu aliwataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara kule Siloamu, akakanusha kabisa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Wako kati yetu wanaosema kwamba mahoteli ni nyumba za anasa, na kwamba yakifungwa ni adhabu ya Mungu. Waende wakamwambie hivyo yule mtandika vitanda mwenye watoto watatu.

Nigeukie Ngorongoro, ambako shida hii ina sura nyingine. Eneo la Hifadhi lilipoundwa mwaka 1959 wafugaji waliruhusiwa kuishi humo pamoja na wanyamapori. Kilimo kilikatazwa mwaka 1975, kikaruhusiwa kwa kiasi mwaka 1992, kikakatazwa tena mwaka 2009. Maana yake ni kwamba familia ya Endulen au Nainokanoka hununua mahindi, mengi yakitoka huku Karatu, kwa fedha za mifugo na kwa fedha ndogo ndogo zinazoletwa na mgeni: shanga zinazouzwa bomani, ngoma, kuongoza watu kwa miguu, kukodisha punda. Mgeni akikosekana, fedha ndogo hukauka na mtamba huuzwa. Kwa kuwa jirani naye anauza mtamba wake wiki hiyo hiyo, bei huanguka mnadani. Kwa njia hiyo bomu lililolipuka katika mji ambao mama wa Kimaasai hajapata kuuona humpunguzia mtoto wake maziwa. (Suala la wakazi wanaohamishwa kutoka hifadhini kwenda Msomera tangu mwaka 2022 ni zito na lina semina yake, leo sitaligusa.)

Sasa nizungumze na wenye mahoteli na mameneja, maana najua mmo humu, na nawaheshimu. Mmoja wenu aliwahi kuniambia: Padre, mimi nami nina mkopo benki, wageni wasipokuja benki hainisubiri, nikiwalipa vibarua ambao hawana kazi ya kufanya, nitafunga hoteli na wote watakosa. Hoja hiyo ina uzito, wala sitaki mtu yeyote aichezee. Haki haimdai mtu kile asichokuwa nacho. Lakini inamdai mpangilio. Kanisa limefundisha tangu waraka wa Baba Mtakatifu Leo wa 13 wa mwaka 1891 kwamba ujira wa mfanyakazi haupimwi kwa makubaliano peke yake, bali pia kwa mahitaji ya maisha yake. Na Mtume Yakobo, katika sura ya tano, ana maneno makali kwa wenye mashamba waliozuia ujira wa wavunaji. Fedha zikiwa chache, wa kwanza kulipwa awe yule ambaye kesho hana cha kula. Deni la mama wa mboga mara nyingi ni dogo kuliko gharama ya mafuta ya jenereta ya wiki moja. Na ikiwa hoteli imebakiwa na amana za wageni waliofuta safari, ni haki sehemu ya amana hiyo imfikie aliyekwisha kulima kwa ajili ya wageni hao.

Isitoshe, sheria ya nchi imekwisha kusema mengi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya kazi yake. Anayetaka kupunguza wafanyakazi kwa sababu za uchumi hana budi kutoa taarifa mapema, kueleza sababu zake, na kushauriana nao au na chama chao kabla ya kuamua. Anayelipwa kwa mwezi hustahili taarifa ya siku 28, ama mshahara badala yake. Aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi kumi na miwili au zaidi, akapunguzwa, hustahili kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka kumi. Anayeona ameachishwa kinyume cha haki hupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Wengi huja kwetu mapadre siku ya arobaini, wakilia, na sisi hatuna mamlaka ya kuirudisha nyuma kalenda. Bomu Mombasa si ruhusa ya kuyapita haya yote kwa simu ya dakika moja.

Jambo jingine ni la mlinzi. Tangu miaka ya 1998 na 2002 ulinzi umeongezwa kila mahali: mageti, vioo vya kutazamia chini ya magari, upekuzi wa mizigo. Anayesimama katikati ya hatari na kitanda cha mgeni ni kijana wa kwetu mwenye rungu na tochi, na pengine ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote katika hoteli nzima. Tukimweka pale ili kifo kimkute yeye kwanza, walau aandikishwe. Upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kupokea michango mwaka 2015. Mchango wake hutolewa na mwajiri pekee. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Mlinzi aliyeletwa na kampuni ya ulinzi amuulize mwajiri wake kama ameandikishwa, na mwenye hoteli aiulize kampuni hiyo kabla ya kutia saini.

Kwa upande wetu wafanyakazi na wakulima, Yosefu mwana wa Yakobo hakungoja ng'ombe waliokonda watokeze mtoni ndipo ajenge ghala. Msimu wa Julai hadi Oktoba ni ng'ombe wanono. Nasikitika kuona mshahara na bahashishi ya miezi hiyo ikiishia katika baa za mjini, kisha Aprili mtu anakuja parokiani kuomba nauli. Wenye vikundi vya kuweka na kukopa watenge mfuko wa miezi mibaya, usioguswa kwa harusi wala kipaimara. Mkulima asilime shamba lake lote kwa kumtegemea mgeni. Robo ekari ya saladi, sawa, lakini iliyobaki iwe na mahindi, maharage, ngwara, kitu ambacho Karatu inakila na soko la Arusha linakijua. Vitunguu vya Mang'ola vina nguvu kwa sababu hiyo: wanunuzi wake ni watu wa nchi hii na nchi jirani, wala hawatishwi na tahadhari ya ubalozi wowote. Nanyi wa mahoteli, CHODAWU ni chama chenu. Mtu mmoja akimwendea meneja peke yake ni mnung'unikaji, wakienda ishirini wakiwa na chama ni mazungumzo.

Neno moja kwa madereva na waongoza wageni. Mgeni akikuuliza kama nchi yetu ni salama, mwambie ukweli kama unavyoujua. Usimtishe, wala usimfiche. Aliyedanganywa akagundua hatarudi, na atawasimulia ndugu zake. Aliyeambiwa ukweli na mtu aliyemwamini hurudi hata katika mwaka mgumu.

Kamati imeandaa daftari mbili. Katika la kwanza, makatibu wa jumuiya waandike wakulima na wafugaji wa kuku wanaodai mahoteli, kiasi, na tarehe ya mzigo, bila kutangaza jina la hoteli mbele ya watu. Paroko na mwenyekiti watakwenda kwa kila mhusika faraghani kwanza. Katika la pili waandikwe wafanyakazi wasio na mkataba wa maandishi, na wale wasiojua kama michango yao ya NSSF inafika. Tangu mwaka 2018 lipo fao la kukosa ajira kwa wanachama wa mfuko huo, lakini halimsaidii ambaye mwajiri wake alikata fedha na hakuzipeleka. Daftari zote mbili ziwe zimefika ofisi ya parokia kabla ya Jumapili ya mwisho ya Mei, ili tupate mwezi mzima wa kuzungumza na wahusika kabla magari ya Julai hayajaanza kupanda mlima.